Chumvi ya Kuazima

"Laki nane, Tajiri. Sikuombi zawadi. Nadai changu."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa studio yake, amejifunga kanga, mikono kiunoni, na mlango wenyewe mwembamba, kwa hiyo mtu asingeweza kutoka bila kumsukuma. Tajiri alikuwa ndani, kwenye kiti pekee kizima, akijipepea kwa kofia.

"Fundi, punguza moto. Nani kasema sikulipi?"

"Wewe. Sasa hivi. Umesema hulipi mpaka nigeuze mwisho."

"Basi geuza mwisho nikulipe. Ugomvi uko wapi?"

"Mwisho tulikubaliana! Ulikaa hapo hapo, ukanywa chai yangu, nikakusimulia hadithi yote, ukalia. Ukafuta macho kwa leso. Leo unaniambia mtoto asife?"

"Mimi nililia na nikasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mzima," Tajiri akasema. "Mtoto akilia mbele ya televisheni, mama yake anazima. Akizima, nimeuza nini? Wanunuzi wameniambia wazi: vikaragosi vizuri, nyumba nzuri, mwisho mbaya. Yule binti asiyeyuke. Arudi ndani kwa mama yake, basi."

"Hadithi hii ni ya huzuni tangu dunia haijakauka."

"Na laki nane ni za furaha. Chagua."

Akainuka, akavaa kofia, akangoja. Fundi akasogea. Angefanyaje? Kodi ya chumba ilikuwa imelala, mwenye taa za kukodi alikuwa anazitaka, na Kidoti, binti yake, alikuwa anaenda shule na viatu vilivyofunguka midomo kama mamba. Lakini kunyamaza kabisa hakuweza, hajaumbwa hivyo. Tajiri alipofika katikati ya ngazi, akamrushia:

"Dawa ya deni ni kulipa!"

Chini, mafundi wa cherehani wakacheka bila kuinua vichwa. Hilo walilisikia kila mara.

Fundi hakufundishwa na mtu kutengeneza filamu za katuni. Alijifunza kwa kuharibu. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kushonea, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kwa sababu jua likihama dakika mbili tu picha hazifanani tena. Nje mchana mweupe, ndani giza na taa mbili. Humo alimweka kikaragosi mezani, akamsogeza upana wa unywele, akapiga picha. Akamsogeza unywele mwingine, akapiga picha. Kazi ya siku nzima ukiitazama inaisha kabla hujameza mate. Kazi ya kichaa, wenzake walimwambia. Yeye alijibu kwamba kichaa ni anayefanya kazi asiyoipenda.

Na hii aliipenda. Hadithi ya Binti wa Chumvi alikua nayo. Mama yake, ambaye nyumba nzima sasa inamwita Bibi, alimsimulia tangu hajaota meno ya pili, na akamsimulia Kidoti vile vile, neno kwa neno.

Palikuwa na mwanamke mchemsha chumvi, hakujaliwa mtoto. Kiangazi kimoja, mvua ikiwa inaaga, akaiambia: "Chumvi yote ni yako, wewe ndiye unayeiosha ardhini. Niazime kapu moja. Ukirudi nitakupa." Mvua ikamwazima. Mwanamke akafinyanga binti kwa ile chumvi, akamtia shanga mbili nyeusi za macho, na binti akafumbua, akamwita mama. Wakala raha kiangazi chote. Siku mvua iliporudi, ilisimama mlangoni ikasema: "Rudisha." Mwanamke akajibu: "Sina kitu chako." Mvua haikugombana. Ilikaa pale nje. Ikanyesha mpaka mashamba yakaoza, mpaka kuta za majirani zikalala chini. Ndipo binti mwenyewe akafungua mlango. Akasema, "Mama, usilie. Nilikuwa wa kuazima." Akatoka. Asubuhi mama yake akakuta kizingitini shanga mbili nyeusi.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuifunga. Kila akimaliza alitia chumvi kidogo kwenye kikombe cha maji, akayamwaga nje ya kizingiti, akasema, "Tumelipa, hatudaiani." Hata kama wasikilizaji wameshalala wanakoroma, yeye aliendelea peke yake mpaka mwisho, akamwaga maji yake. "Hii haikatwi," alisema. "Ukimtoa binti, umrudishe."

Kwenye filamu Bibi ndiye aliyetoa sauti ya mvua. Neno moja tu, lakini hakuna mwingine angeliweza, kwa maana sauti yake ilikwaruza kama changarawe ndani ya kopo. Maneno ya binti aliyasema Kidoti, ambaye walimwita hivyo kwa ajili ya doa jeusi, dogo kama punje ya mtama, kwenye shavu la kushoto.

Na kuyeyuka kulikuwa kuyeyuka kweli. Fundi hakutaka udanganyifu. Alisaga chumvi ya mawe, akaishikanisha kwa ute wa yai, akafinyanga binti, akatia shanga, akamsimamisha mbele ya kizingiti cha kibao. Tone la maji kwa bomba la sindano, picha. Tone, picha. Miguu ikaenda. Tumbo likaenda. Mikono ikadondoka. Uso ukawa wa mwisho. Picha ya kumalizia ilikuwa shanga mbili kwenye kibao kilicholowa, na Fundi aliipiga amegeuza kichwa, asije akaililia kamera.

Hiyo ndiyo Tajiri aliyotaka ifutwe.

Alikaa na hasira zake mpaka chai ikapoa. Kupiga picha mpya hakuwezi, hana pesa ya taa wala chumvi ya kuchezea. Ndipo wazo likamjia, wazo la kifundi kabisa. Picha anazo. Akizipindua? Ya mwisho iwe ya kwanza, ya kwanza iwe ya mwisho.

Akazipanga kinyume. Akabonyeza.

Kwenye kioo cha kompyuta shanga mbili zililala majini. Maji yakajikusanya. Uso ukaja kwanza, hauna shingo, mdomo kabla ya kidevu. Kisha mikono ikajiokota. Kisha tumbo. Kisha miguu. Binti akasimama kutoka kwenye maji, mzima, akaingia nyumbani kwa mama yake, mlango ukafungwa.

Fundi akajipiga kofi la paja. Bila senti moja! Akakata neno la Bibi. Akakata maneno ya Kidoti. Mahali pake akaweka kicheko cha Kidoti, kilichonaswa siku moja alipokosea maneno na kujicheka mwenyewe. Ikakaa kama imezaliwa hivyo.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kwa kuwa binti alipigwa picha akitoka, sasa aliingia kinyumenyume. Uso wake ulibaki umetazama nje. Alikutazama wewe, mtazamaji, njia nzima, mpaka ubao wa mlango ulipomfunika jicho la pili.

Alipokusanya vifaa vyake, kibao cha kizingiti kilikuwa mahali pake mezani, kimekauka. Shanga hazikuwapo. Akafagia chini, akapekua mpaka ndani ya viatu vyake. Akasema panya.

Tajiri alilipa. Lazima niseme, alilipa siku hiyo hiyo, laki nane taslimu, na kicheko juu. Fundi akarudi nyumbani na mfuko wa mchele na viatu vipya, na Kidoti akavivaa mpaka kitandani. Bibi akaomba aoneshwe kazi. Wakaitazama kwenye simu, vichwa pamoja.

Ilipokwisha Bibi akaichukua simu.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Nimeikata, mama. Walitaka mwisho mwema."

"Na huyu anayeingia umemtoa wapi?"

"Ni zile zile picha. Nimezigeuza."

Bibi akamrudishia simu kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokezana kaa la moto.

"Kumrudisha kwa mama yake umemrudisha," akanong'ona. "Mvua umeipa nini?"

"Mama, jamani! Ni katuni. Ni chumvi na ute wa yai."

"Kukopa harusi, kulipa matanga."

Aliinuka, akachukua kikombe cha maji, akatia chumvi, akaenda kuyamwaga nje ya kizingiti. Sakafu ya kibaraza chao imeinamia nje, hata aliyeijenga hakatai. Maji yalikwenda kidogo, yakasimama. Kisha yakageuka, yakapanda kizingiti, yakaingia ndani.

Mvua ilianza kesho yake.

Haya mengine nayajua kwa sababu nyumba yetu na yao zinagawana ukuta. Pipa letu la maji na lao yanajazwa na bomba moja. Letu lilikuwa tamu. Lao liligeuka chumvi, ukiyaweka mdomoni unatema. Fundi akamwita fundi bomba, wakatukanana kuhusu mabomba mpaka sauti zikawakauka, na maji hayakubadilika. Na sakafuni zikaanza zile nyayo. Ndogo, za mtoto asiye na viatu. Zilikuwa maji, zikikauka zinabaki nyeupe. Zilitoka mlangoni zikaenda mpaka kitanda cha Kidoti. Fundi alizifuta asubuhi, mchana zipo. Mimi mwenyewe nilizikanyaga.

Zote ziliingia. Hata moja haikutoka.

Kidoti akaanza kiu. Alikunywa, akaomba, akanywa. Midomo ikapasuka. Alipokuwa anasukwa nywele, kichwa mapajani mwa mama yake, akasema polepole:

"Mama, mwenzangu anauliza."

"Mwenzako nani?"

"Wa chini ya kitanda."

Mkono wa Fundi ukasimama na kitana.

"Anauliza nini?"

"Mvua inataka wangapi."

Fundi akaweka kitana chini.

"Nimemwambia mmoja," Kidoti akasema. "Akacheka. Anacheka kama mimi."

Fundi alimwacha na nywele nusu. Alikimbia kwenye mvua mpaka studio, akapita mafundi wa cherehani bila salamu. Aliamua. Atazirudisha picha mahali pake. Atarudisha neno la Bibi. Tajiri na pesa zake wapotelee mbali. Akawasha kompyuta, akafungua picha ya kwanza ya kuyeyuka, ile ambayo binti amesimama kizingitini, bado mzima.

Shavuni pa kushoto palikuwa na doa.

Alidhani vumbi. Akafuta kioo kwa kiganja. Akaikuza picha. Doa jeusi, dogo kama punje ya mtama. Hakuwahi kumtia kikaragosi doa. Akafungua ya pili. Doa. Ya kumi. Doa. Akaanza kuzipanga zilivyokuwa mwanzo. Tone. Vidole vya miguu vikalegea. Tone.

Nyumbani, Bibi aliniambia baadaye, ndipo Kidoti alipolia kwamba miguu yake haisikii.

Fundi hilo hakulijua. Aliutazama tu ule uso kwenye kioo, na doa lake, na kidole kikakataa. Kuendelea ni kumyeyusha Kidoti. Akazima. Akakaa gizani na mablanketi yake.

Akaenda kwa Tajiri. Alibeba laki nane, zilizobaki na alizokopa kwetu, akaziweka mezani. Safari hii hakupiga kelele. Tajiri mwenyewe alisema kilichomtisha ni hicho, kumwona Fundi ananong'ona.

"Chukua. Iondoe."

"Niondoe nini?"

"Filamu. Isionyeshwe."

"Fundi, una homa? Imeuzwa. Inaonyeshwa kila siku, asubuhi na jioni. Watoto wanapiga simu irudiwe."

"Kila ikionyeshwa, anarudi."

"Ndiyo! Anarudi kwa mama yake. Ndiyo uzuri wake." Akazisukuma noti upande wa pili wa meza. "Chukua pesa zako, mama. Deni nimelipa. Hatudaiani."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alipopita mtaa wa jirani aliona watu wameanika nguo. Jua kali. Akatazama mbele. Wingu lilikuwa limekaa juu ya paa lao na letu, dogo, jeusi, halina haraka.

Ukuta wetu wa nyuma ukaanza kuvimba. Mimi ni mtu wa kusema wazi: nilikwenda kuwaambia wahame. Nilimkuta Bibi amesimama katikati ya chumba, kopo la chumvi mkononi, na Fundi amemkumbatia Kidoti pembeni ya kitanda.

"Mama, kaa chini."

"Mwanangu, hii hadithi mimi ndiye niliyeileta humu ndani," Bibi akasema. "Niache nikaongee na mvua."

"Mama, wewe ni mgonjwa wa kifua."

"Basi itapata kifua."

Akafungua mlango. Akatoka.

Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama uani, akamwaga kopo lote miguuni pake, akaanza kusema. Maneno hatukuyasikia. Alipiga kifua, akajinyooshea kidole. Mimi hapa. Nichukue mimi. Mvua ilikuwa inapiga uwanja mpaka matope yanaruka.

Kisha tukaona nguo zake.

Zilikuwa kavu. Kanga kavu. Kichwa kikavu. Mvua ilinyesha mbele yake, ilinyesha nyuma yake, ilinyesha kila mahali alipokuwa hayupo. Akanyoosha mkono, ikasogea. Akapiga hatua, ikampisha. Haikumtaka.

Aliporudi ndani alifungua mdomo atuambie. Mdomo ukacheza. Sauti haikutoka. Daktari alimchunguza koo kwa tochi, akasema koo ni zima kabisa, hajui. Tangu siku ile Bibi hajatamka neno, hata kukohoa anakohoa kimya.

Sasa Fundi hafanyi filamu. Studio kafunga, taa kazirudisha kwa mwenyewe. Kidoti yupo, na wingu likienda mbali kidogo anatoka mpaka kibarazani. Likirudi, mlango unafungwa kwa komeo, na mama yake anamkalisha katikati ya magoti. Kwa ndani ya mlango, kimo cha mtoto, pana alama nyeupe ya kiganja. Fundi ameisugua kwa sabuni, kwa msasa, amepaka rangi juu yake. Rangi inapukutika.

Jana mvua ilirudi mchana. Niliingia kwao kabla komeo halijafungwa, nimepeleka maji matamu, nikabaki. Bibi alikuwa kwenye mkeka, mikono mapajani. Fundi alimbusu Kidoti kipaji cha uso, kisha akabaki na midomo imebana. Akailamba. Aliniona namtazama.

"Jasho," akasema.

Kulikuwa na baridi.

Upande wa pili wa ukuta wanangu walikuwa wamewasha televisheni. Niliwakataza, lakini watoto ni watoto. Tulisikia muziki wa mwisho, kisha kicheko cha Kidoti, kile cha kwenye filamu. Kidoti katikati ya magoti hakucheka. Chini ya kitanda kikacheka kitu.

Mvua ikaacha kupiga bati. Ghafla, kama mtu kaizuia kwa mkono.

Nje, karibu na mlango, mtu akasafisha koo.

Fundi akamgeukia mama yake. Nami nikamgeukia. Mdomo wa Bibi ulikuwa umefungwa, na machozi yanamtoka. Na sauti yake, ile ile, ya changarawe ndani ya kopo, ikasema upande wa pili wa mlango:

"Rudisha."